Nta ya Mzee Silvano

Jumapili, 23 Februari 2025

Daftari hili ni la Jiografia, Loveness aliliacha nusu. Kurasa za nyuma ni nyeupe na mimi sipendi kitu kizuri kilale bure. Shule yangu iliishia darasa la nne lakini kuandika naweza, taratibu. Zamani mambo ya moyoni nilimwambia mume wangu, Danieli. Sasa Danieli yuko chini ya mikaratusi tangu Novemba, basi nitaandika.

Leo bendi imepuliza kanisani na mimi nimelia tena. Loveness akanikanyaga mguu, "Mama, watu wanakuangalia." Waangalie. Naipenda bendi hii ya tarumbeta tangu nikiwa msichana, nimebeba majani ya ng'ombe, nikaisikia kutoka upande wa pili wa bonde nikatua mzigo nikakaa juu yake mpaka jua likashuka. Mama alinichapa siku ile. Sijutii. Baadaye nikaolewa na mmoja wao.

Wamebaki wanne. Mzee Silvano anaongoza kwa tarumbeta, mzee Clemence na lile besi kubwa linalomfunika tumbo, na wengine wawili wa Mlola chini. Kiti cha Danieli wamekiacha wazi.

Kabla ya sauti ya kwanza mzee Silvano huwapa watu mgongo, anainamisha kichwa, anatulia. Usharika wote hutulia naye. Hata watoto. Watu husema yule mzee anasali sala ambayo hata mchungaji haijui.

Mimi najua. Meno yake mawili ya mbele ni ya bandia, waya ulikatika miaka mingi iliyopita, na anayabandika kwa nta ya nyuki. Bila meno yale tarumbeta haitoi kitu, ni upepo tu. Nta alikuwa anapewa na Danieli kwenye mizinga yetu miwili. Danieli amekufa, mizinga ikabaki kwangu na siri nayo ikabaki kwangu.

Nangoja Pasaka. Hapa kwetu alfajiri ya Pasaka bendi huenda makaburini, inasimama kwa kila aliyefariki mwaka ule, inampulizia wimbo aliokuwa akiupenda. Siku tunamzika Danieli mvua ilitupiga, tarumbeta zikajaa maji, hawakumaliza hata ubeti wa kwanza. Mzee Silvano alinishika mkono pale matopeni akasema, "Pasaka, mwanangu. Nitamaliza Pasaka."

Jumatatu, 24 Februari

Nimempelekea mzee viazi vya kuponda na maziwa, na nta kidogo. Bakuli limerudi na mayai mawili ndani. Hajawahi kunirudishia bakuli tupu.

Jumapili, 2 Machi

Mchungaji ametangaza. Bendi imepewa mwalimu Leonard, anayefundisha sekondari, mtu wa Tanga. Kijana mrefu, viatu vyake havina tope, sijui anapita wapi. Anasema bendi imelala, anataka kuiamsha, anataka na wasichana.

Nilimwangalia Loveness. Tangu baba yake afe na matokeo ya kidato cha nne yatoke vile, mtoto huyu hasemi. Anakula, anafua, anapalilia, hasemi. Leo alipokaa wima nikaona mgongo wake ni mrefu, nilikuwa nimesahau.

Jumatano, 5 Machi

Kwaresima imeanza. Mvua bado. Nimepanda maharage kwa imani.

Jumamosi, 8 Machi

Mazoezi ya kwanza. Nilipeleka chai ili nipate kuona.

Mwalimu alimpa mzee Clemence karatasi. "Mzee, unasoma noti?"

"Nasoma Biblia," mzee Clemence akasema.

Vijana wakacheka, mwalimu naye akacheka, akampiga bega kama wako rika moja. Halafu akasema kwa sauti ileile ya kicheko, "Basi mzee wangu, besi liache hapo, tutakuita." Mzee Clemence hakuelewa mara moja. Alikaa kwenye benchi na mikono yake mapajani mpaka chai ikaisha. Wale wawili wa Mlola hawakungoja kuambiwa, waliaga.

Amebaki mzee Silvano peke yake katikati ya watoto. Nilitaka kukasirika. Lakini Loveness alikuja jikoni mbio, "Mama! Amesema nina pumzi!" Amesema maneno mengi njiani kuliko tangu Novemba. Nimeshindwa kukasirika.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Bakuli limerudi na majani ya chai.

Jumapili, 16 Machi

Leo bendi mpya. Glavu nyeupe, ngoma kubwa, wanachezesha miguu. Nyimbo zetu zilezile lakini zinakimbia, kama mtu amezifungulia mbwa. Nilikwenda nimekunja uso, kwa heshima ya Danieli. Wimbo wa pili miguu yangu ikanisaliti. Wa tatu nilikuwa nimesimama na kitenge mkononi nakipunga. Yunis, jirani yangu, mwenye mdomo, akanambia, "Mjane amefufuka kabla ya Pasaka." Nikacheka mpaka nikashika benchi.

Nimeipenda. Naandika kweli. Mzee Silvano alikuwa pembeni akitafuta pa kuingilia kwenye wimbo, kama mtu anayetaka kuvuka barabara ya lami, na mimi nikaona anachelewesha watoto.

Jumatano, 19 Machi

Loveness hayumo kwenye bendi. Tarumbeta za usharika ni nne na zina watu. Anafanya mazoezi kwa kukopa, dakika mbili mbili, wenzake wakichoka. Amerudi kunyamaza. Leo amekaa chooni muda mrefu, nikaenda kusimama nje, nikasikia analia na bomba la maji amelifungulia ili nisisikie.

Mungu, mimi mama nifanye nini.

Jumamosi, 22 Machi

Nimefanya kitu.

Tulikuwa tunapika makande ya vijana, mimi na Yunis na akina mama wengine wawili, jiko la usharika. Mvua kubwa. Mwalimu Leonard akaingia kuota moto.

"Mama Loveness, binti yako ananipa shida," akasema. "Ndiye bora kuliko wote na sina tarumbeta ya kumpa. Nimtoe nani?"

"Wewe ndiye mwalimu," nikasema.

"Wa kutoka ni mzee. Sauti yake inatetemeka. Lakini nikimgusa yule usharika utanila mzimamzima. Mtu anayesali vile kabla hajapuliza, nani atamtoa?"

Yunis akasema, "Hata mimi, akigeuka kusali nywele zinanisimama."

Na mimi nilikuwa nakoroga. Nilikuwa naona mlango wa choo na maji yanamwagika bure. Nikasema, na nilisema huku nacheka, "Hasali yule. Anabandika meno."

Wakanigeukia. Nikawaeleza. Nta, waya, yote. Mpaka kwamba nta natoa mimi. Yunis alicheka akakaa chini kwenye kuni. Mwalimu Leonard hakucheka sana. Alitabasamu tu, akaniambia, "Asante kwa makande, mama." Makande yalikuwa hayajaiva.

Hakuna aliyenikaba shingo. Nilisema mwenyewe, na mwiko mkononi.

Jumapili, 23 Machi

Mzee Silvano alisimama mbele, akageuka, akainamisha kichwa kama siku zote.

Vijana wote nyuma yake wakageuka. Kumi na moja. Wakainamisha vichwa, kila mmoja kidole mdomoni. Mmoja akasema amina. Kanisa likacheka, kwanza watoto, halafu wakubwa ambao Jumapili iliyopita walikuwa wanafumba macho. Mwalimu Leonard alikuwa anaangalia viatu vyake na mabega yanamtikisika.

Mzee alipogeuka hakuelewa. Akatabasamu kidogo, akidhani ni utani wa kwingine. Akapuliza. Meno yakateleza. Ikatoka sauti kama mtoto analia ndani ya debe.

Hapo akaelewa. Akatafuta kwenye mabenchi. Hakutafuta sana. Anayejua ni mmoja.

Loveness hakugeuka na wenzake, alikuwa amekaa na akina dada. Lakini alicheka. Nilimwona, na meno yake yote mazuri.

Jumanne, 25 Machi

Sikupeleka bakuli. Mvua ilikuwa kubwa.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua haikuwa kubwa. Sikupeleka.

Jumapili, 30 Machi

Mambo ya jana. Niliyaona kwa macho yangu, nilikuwa mlangoni na birika.

Mwalimu Leonard alimwambia mzee Silvano mbele ya wote, "Mzee wangu, yatoe tuone. Ni kwa faida yako, usije ukayameza."

Nilidhani mzee ataondoka. Alikuwa mtu wa kuondoka, kijana akimkosea adabu zamani aliacha hata harusi. Jana hakuondoka. Aliyatoa akayaweka mezani, juu ya karatasi za noti, yameshika nta ya kwetu, nyekundu. Uso ukaporomoka. Hata mimi nilikuwa sijawahi kumwona hivyo.

"Sasa puliza," mwalimu akasema.

Akapuliza. Fffff. Upepo.

"Mmesikia wenyewe," mwalimu akawaambia vijana. "Sijamtoa mimi."

Akamwita Loveness. Mzee Silvano akatoa leso, akafuta mdomo wa tarumbeta vizuri, ndani na nje, akampa mwanangu kwa mikono miwili. Kwa sababu meno hayakuwepo maneno yalitoka laini, kama ya mtoto. "Shika hapa, mjukuu. Usiikabe."

"Asante, babu," Loveness akasema, na uso wake ulikuwa unawaka.

Na mimi nilifurahi. Nimekaa tangu jana nikitafuta namna nyingine ya kuliandika hilo, sijaiona.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimepeleka bakuli. Viazi, maziwa, na siagi. Hakuwa nje, nikaliweka mlangoni. Kupitia dirishani niliona ukutani tarumbeta yake ya ujana, ile yenye kiraka cha bati, imetundikwa na imefutwa vumbi.

Jioni bakuli lilikuwa juu ya ukuta wetu. Limeoshwa. Tupu.

Jumapili, 6 Aprili

Loveness amepuliza. Sitaki kujisifu lakini watu walisimama. Nilikuwa nasikia pumzi ya Danieli mle ndani, jinsi alivyokuwa akiivuta mwisho wa mstari kama hataki kuiacha. Akina mama wamenikumbatia. Mzee Silvano hakuja kanisani.

Yunis aliniambia tukitoka, "Umezaa, shoga. Na wewe ukitaka kitu unajua kukipata." Alisema kwa kunisifu.

Alhamisi, 10 Aprili

Bendi imealikwa Tanga, tamasha la bendi za makanisa. Loveness anaruka kama mbuzi. Nikauliza lini. Siku yenyewe ya Pasaka, wataondoka Jumamosi.

Nikafunga kanga nikaenda nyumbani kwa mwalimu, na mvua ile.

"Mwalimu, Pasaka ni makaburini. Mume wangu anangoja."

"Mama, makaburi hayatembei. Tutampulizia Jumapili inayofuata."

"Haijawahi kufanyika Jumapili inayofuata."

"Basi itakuwa mara ya kwanza. Mambo yote ya bendi hii ni ya mara ya kwanza, na wewe ulipunga kitenge, nilikuona." Akanipa mwavuli wake nirudi nao. Ana adabu. Nimeuchukia mwavuli huo njia nzima na nimejifunika nao njia nzima.

Nikamwambia Loveness abaki. Nikamwambia ni baba yako. Akanijibu taratibu, "Mama, mimi ndiye tarumbeta ya kwanza. Nikibaki mimi hawaendi." Kisha akasema, "Muombe babu Silvano. Si aliahidi? Anakupenda yule."

Hajui. Anafikiri ile siri ya meno ilijitokeza yenyewe.

Jumapili, 13 Aprili

Mitende. Bendi ilitembea mbele yetu kutoka njia panda, glavu nyeupe, tope mpaka magotini. Mimi sikupunga. Nilikuwa nasikia ngoma tu, ngoma, ngoma. Wimbo wenyewe uko wapi mle ndani sikuusikia. Sijui kama wao wamebadilika tangu mwezi uliopita au ni masikio yangu.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nimekwenda kwa mzee Silvano. Nilibeba nta yote iliyobaki nyumbani, donge la ukubwa wa yai la bata.

Alikuwa barazani anamenya magimbi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Zamani angeongeza mwanangu.

Nikapiga magoti pale pale kwenye maganda. Nikasema yote. Jiko, makande, Loveness na bomba la maji. Nilisema nilikosa na sina la kujitetea. Aliendelea kumenya. Akimaliza gimbi analigeuza, anatafuta macho yaliyobaki, anayatoa kwa ncha ya kisu.

"Vijana wanakwenda Tanga," nikasema. "Danieli hana mtu."

"Nimesikia."

"Baba, ulimwahidi."

"Niliahidi." Akaweka kisu chini. "Alfajiri nitakuwepo makaburini. Wote wa mwaka huu ni sita, na wote nawajua."

Nikampa nta. Aliipokea, akainusa. "Hii ya mzinga wa juu."

"Ndiyo, baba."

"Inashika vizuri hii." Akaiweka kwenye kopo lake dogo la tumbaku, akafunga.

Nimerudi mwili mwepesi. Nimefua nguo nyeusi, nimefagia kaburi, nimepanga mawe upya. Ametusamehe. Watu wa zamani wana moyo ambao sisi hatuna.

Jumamosi, 19 Aprili

Loveness ameondoka na wenzake. Sare nyeupe. Amenibusu. Nimemwambia asikae dirishani, ashike leso, asinywe maji ya kila mahali.

Pasaka, 20 Aprili

Ukungu ulikuwa mzito, mtu unamjua kwa kikohozi chake. Tulikuwa kama arobaini. Mzee Silvano alikuja na ile tarumbeta yenye kiraka, amevaa koti la zamani la bendi, na mzee Clemence nyuma yake amemshikia mwavuli. Hakuna aliyecheka. Watu walimpisha.

Kaburi la kwanza, bibi mmoja wa njia panda. Mzee akatupa mgongo, akainamisha kichwa. Wote tukajua anafanya nini, na wote tukainamisha vichwa hivyohivyo. Kisha akapuliza.

Sijui kuandika sauti. Ilikuwa haikimbii. Ilitoka pale ikaenda ikagonga mlima ule wa pili, ikarudi polepole na ukungu. Nikawa tena yule msichana juu ya mzigo wa majani. Nikajiuliza nilikuwa napunga nini kitenge mwezi wa tatu.

La pili. La tatu. La nne lilikuwa la mtoto wa Eliza aliyeishi siku nane, hakuwa na wimbo anaoupenda, mzee akampulizia wa kubembeleza, na Eliza akalala juu ya udongo wakamwinua. La tano. Kila kaburi anageuka, anafungua kopo, anabandika, anapuliza. Meno hayakuteleza hata mara moja. Nta yetu.

La sita ni Danieli, la mwisho, kwenye mikaratusi. Nilikwenda nikasimama kichwani, nimeshika msalaba.

Mzee Silvano akaja. Akatupa mgongo. Akainamisha kichwa. Watu wakainamisha. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko kote, nikasema moyoni, anamuaga Danieli, wamekaa viti jirani miaka thelathini.

Alipogeuka uso ulikuwa umeporomoka. Meno yalikuwa kwenye kiganja chake cha kushoto. Kopo lilikuwa wazi kwenye mkono wa kulia, pamoja na tarumbeta.

"Nta imekwisha, mama Loveness," akasema. Laini, kama mtoto.

Nikaangalia ndani ya kopo. Nta ilikuwepo. Zaidi ya nusu ya donge, na alama za vidole vyake.

"Baba," nikasema kwa sauti ndogo, watu wasisikie, "ipo. Naiona."

Alifunga kopo. "Imekwisha."

Mzee Clemence aliangalia pembeni, kwenye mikaratusi. Alikuwa anajua. Labda walilipanga pamoja. Mchungaji akasema, basi wapendwa, tumwimbie wenyewe, akaanzisha juu mno, sauti zikakatika kwenye mstari wa pili, wakacheka kidogo kwa aibu, wakaanza upya. Mvua ikaanza. Wakakimbilia kanisani. Kama siku ya maziko, hawakumaliza hata ubeti.

Mzee Silvano hakukimbia. Alifuta mdomo wa tarumbeta kwa leso, ndani na nje, akaifunga kwenye gunia, akaenda. Hakuwa na hasira usoni. Hilo ndilo linalonisumbua. Alikuwa kama mtu aliyemaliza kumenya.

Nilitaka kumchukia na nimejaribu mchana kutwa. Danieli alikufa hana kosa. Aliyetakiwa kuadhibiwa ni mimi, na kaburi lile si la kwangu. Lakini nikifikiri sana naona alijua vizuri. Lingekuwa la kwangu nisingeumia hivi.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Loveness amerudi mchana. Wameshika nafasi ya pili. Sauti imemkauka kwa kusimulia, bahari, watu, vipaza sauti, mwalimu Leonard amesema mwakani ataongoza yeye. Amenionyesha kwenye simu. Nimeangalia. Ni mwanangu, mzuri, na mashavu yamejaa pumzi.

Baadaye alivua viatu akakaa karibu yangu kwenye moto, akaniwekea kichwa begani.

"Na baba?" akauliza. "Babu Silvano alikuja?"

"Alikuja."

"Nilijua. Alimpulizia vizuri?"

"Vizuri sana."

Akainua kichwa. "Ubeti mmoja?"

"Zote," nikasema. "Zote tatu, taratibu, mpaka mwisho."

Akalia kwa furaha, na mimi nikamfuta machozi kwa ncha ya kitenge kilekile.